TV ya gari la Japani haijafungwa, fundi hana cha kufungua

"Fundi, nifungulie TV." Nikisikia hivyo najua nje ya gereji kuna Alphard, Noah au Harrier iliyotoka bandarini juzi, skrini kubwa katikati ya dashibodi, maandishi yote ya Kijapani. Mwenye gari ameshaambiwa kwamba TV hiyo ni ya dijitali, na kwa kuwa hapa Mwanza analojia ilizimwa mwishoni mwa Februari 2013, kilichobaki ni namba ya siri tu. Namba hiyo haipo. Naomba niandike mara moja, nikiulizwa tena nitume huku.

TV hiyo imetengenezwa kwa mfumo wa ISDB-T, ambao Japani inautumia kwa matangazo ya ardhini. Sisi tunatumia DVB-T2, mfumo ambao nchi za SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, zilikubaliana mwaka 2010. Yote miwili ni dijitali, yote inapita kwenye masafa ya UHF, na hata zile antena nyembamba zilizobandikwa kwenye kioo cha mbele zinalinasa wimbi la hapa bila shida. Shida inaanzia baada ya antena. Mjapani anatumia chaneli ya upana wa megahezi 6 na kuikata vipande 13. Ya kwetu ina megahezi 8, na data imepangwa kwa namna nyingine kabisa. Tyuna ya gari lako, yaani kipokea matangazo, ni kama Mjapani aliyepewa gazeti la Kiswahili: karatasi anaishika, maandishi anayaona, kusoma hawezi. Kazi hiyo ya kusoma inafanywa na chipu, kwa hiyo usikubali mtu akudanganye kwamba "ataflashi" programu. Na msinitajie Botswana. Ni kweli ilichagua mfumo wa Japani mwaka 2013, lakini hata wao wanarusha kwa megahezi 8.

Ndiyo maana skrini inaandika E202. Watu wananitumia picha ya E202 WhatsApp wakidhani ni ugonjwa wa kifaa. Maana yake ni kwamba matangazo hayapatikani, na ndivyo ilivyo.

Halafu kuna kile kikadi. Kwenye tyuna nyingi za magari hayo utakuta kadi ndogo imeandikwa B-CAS. Kuna wateja wanaoichomoa na kwenda nayo kwa wakala wa ving'amuzi wakitaka kulipia kifurushi. Kadi hiyo inafungua matangazo ya Japani tu. Na ukichomeka kadi ya king'amuzi chako humo, utaambulia kuharibu tundu lake.

Huu uvumi wa "kufungua" najua ulikotoka. Skrini hizi huzuia video gari likiwa kwenye mwendo, na mojawapo ya njia za kujua ni waya wa hendibreki. Fundi anaugusisha waya huo kwenye bodi ya gari, DVD inaonekana gari likitembea, basi mtaa mzima unasema ameifungua TV. Skrini ya dereva mimi siifanyii hivyo, hata uongeze hela. Barabara ya Nyakato ina bodaboda na watoto wa shule kutoka alfajiri, macho yako yanatakiwa huko.

Unayetaka TV kwa ajili ya abiria wa nyuma, nunua tyuna ya DVB-T2 ya gari. Kabla hujalipa, hakikisha skrini yako ina tundu la kupokea picha kutoka nje, maana nyingine hazina. Ujue pia kwamba chaneli iliyofungwa na kampuni ya king'amuzi hutaipata kwa tyuna ya kawaida. Chagua yenye antena mbili au zaidi, uziweke pande tofauti za gari. Huu ni ushauri wangu kwa kila mtu na sijaujutia. Hata hivyo, DVB-T2 inayorushwa kwa kulenga antena za juu ya paa haivumilii sana mwendo. Japani walilifikiria hili mapema: kipande kimoja kati ya vile 13, kinachoitwa One-Seg, kilianza Aprili 2006 kwa ajili ya simu na magari, picha ndogo lakini haikatiki ovyo. DVB-T2 nayo ilipata toleo lake la namna hiyo, T2-Lite, mwaka 2011, ila haisaidii mpaka mtangazaji aamue kuirusha. Kwa hiyo ukiwa safarini kuelekea Magu, ukipita nyuma ya kilima cha mawe, picha itaganda ghafla. Chenga za analojia hazipo, ni picha kamili au hakuna kitu.

Redio nayo. "Redio imekufa, inashika stesheni mbili tu." Haijafa. FM ya Japani kwa miaka mingi ilikuwa megahezi 76 hadi 90, yetu ni 87.5 hadi 108. Kinachokutana ni kipande kidogo tu. Expander, kile kifaa kinachofungwa kati ya antena na redio, inashusha masafa, kwa mfano kwa 20, hivyo stesheni ya 98.5 utaiona kwenye 78.5. Inasaidia, lakini inapunguza usikivu. Ukivuka kwenda Sengerema utaona stesheni zinaanza kukwaruza mapema. Mwenye uwezo abadilishe redio.

"Redio yangu ni dijitali, inaonyesha namba." Namba ni za kioo. Matangazo ya FM ni analojia.

"FM itazimwa kama TV." Makubaliano ya Geneva ya 2006 yaliyotusukuma kuhama yalihusu masafa ya TV, megahezi 174 hadi 230 na 470 hadi 862. FM haimo. Norwei ilizima FM ya kitaifa mwaka 2017, lakini kwanza ilijenga mtandao wa DAB+, yaani redio ya dijitali.

"Nikichomeka earphone simu itashika TV." Hapana, hiyo ni FM. TV ya kwenye simu yako inakuja kwa intaneti na inakula bando. Zile simu za Kichina zenye antena ya kuvuta zilikuwa zinashika analojia, na mitambo ile imezimwa. FM ya simu haili bando hata kidogo, ila inahitaji earphone za waya, kwa sababu waya ndio antena yake. Za Bluetooth hazitakusaidia.