Kujifungia Madigadi ya Gari Nyumbani Bila Kuikaribisha Kutu

Huku Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, mvua zikishashika kuanzia Aprili, gari lisilo na madigadi, yaani vile vipande vya mpira vinavyoning'inia nyuma ya magurudumu, hulitambua kwa mbali: ubavu wake wa chini umeganda udongo mwekundu, na ukiuosha udongo huo unakuta nyuma ya magurudumu ya mbele rangi imedonolewa na kokoto za moramu mpaka bati linaonekana. Mimi ni fundi wa bodi, na kazi nyingi za kutu ninazoletewa, zile za ukingo wa chini ya milango, zilianza na vidonda vidogo vya namna hiyo. Kufunga madigadi ni kazi ambayo mwenye gari mwenye subira anaweza kuifanya uani kwake kwa asubuhi moja. Ninachomwomba ni kwamba aliogope tundu la skrubu kuliko anavyoliogopa tope.

Bati likitobolewa, ukingo wa tundu hubaki mtupu, hauna rangi wala zinki ya kuukinga, na papo hapo tunalifunika kwa kipande cha mpira kinachoshikilia udongo wenye unyevu siku nzima. Kutu haihitaji mazingira mazuri kuliko hayo. Niliwahi kufungua madigadi ya gari moja lililofungwa na fundi mwingine misimu miwili tu ya mvua kabla, nikakuta skrubu hazina pa kushika tena. Bati lilikuwa limelika pande zote, na ilibidi tukate na kuchomelea kipande kipya.

Kwa hiyo, kabla ya kushika drili, osha upinde wa gurudumu, yaani sehemu ya bodi inayolizunguka gurudumu kwa juu, kwa maji na brashi, uuache ukauke, kisha utafute matundu ya kiwandani. Magari mengi tunayoyaendesha Uganda yameingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na mengi kati ya hayo yana plastiki ya ndani ya upinde iliyoshikwa kwa klipu na skrubu. Madigadi yaliyotengenezwa kwa ajili ya modeli na mwaka wa gari lako mara nyingi hutumia nafasi hizo hizo, hata usitoboe chochote. Anayekwenda Kampala kuyatafuta sokoni Kisekka na abebe picha za pinde zote nne, kwa sababu magari mawili ya jina moja yanaweza kutofautiana bampa, na madigadi ya moja yasikae kwenye jingine.

Magurudumu ya mbele hayana haja ya kuvuliwa. Ukifunga upande wa kushoto, zungusha usukani wote kushoto, na upande wa kulia fanya vivyo hivyo kwa kulia. Sehemu ya nyuma ya tairi itaingia ndani na kukuachia nafasi ya mkono na bisibisi. Ya nyuma mara nyingi ni rahisi zaidi kuyavua. Hapo legeza nati kabla ya kuinua, zuia magurudumu mengine kwa mawe, weka jeki mahali palipoandaliwa na kiwanda, na usiingize kichwa wala mguu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Ikiwa ni lazima kutoboa, chungulia kwanza kilicho nyuma ya bati, hasa upande wa mfuniko wa tangi, ambako bomba la kujazia mafuta huweza kupita karibu sana na upinde, na penye nyaya za taa. Shikilia madigadi mahali pake, weka alama, kisha uyaondoe. Kwa skrubu ya milimita 5, biti ya milimita 4 inatosha. Baada ya kutoboa, kwangua ncha kali, futa unga wote wa chuma kwa sababu nao hushika kutu na kuchafua rangi, paka praima ya zinki (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) kwenye ukingo wa tundu, na uisubiri ikauke kabisa. Subira hiyo ndiyo watu wengi wanayoiruka. Tumia skrubu za chuma cha pua zenye washa pana, na ukaze mpaka mpira ushikwe bila kubonyea, kwani mpira uliobonyezwa sana hupasuka kuanzia tunduni. Mahali ambapo ukingo wa madigadi unagusa rangi, bandika kwanza utepe mwangavu wa kulinda rangi. Mchanga ukinaswa hapo husugua kama msasa.

Upana wa madigadi ufunike tairi lote, maana kokoto hurushwa na sehemu yoyote ya uso wake. Kuhusu urefu, mimi huacha takriban sentimita 15 kutoka ardhini. Yakiwa marefu zaidi, siku ukirudi nyuma kwenye kingo ya barabara au kifusi, tairi huyakanyaga na kuyang'oa pamoja na bati. Mipira inayokatwa kutoka tairi kuukuu siipendi kwa magari madogo, kwa kuwa uzito wake huzivuta skrubu kila shimo.

Mwishowe wapakie watu wanne au magunia, uzungushe usukani hadi mwisho pande zote mbili, na uangalie kama tairi linagusa popote. Baada ya wiki moja ya barabara mbovu, rudi na bisibisi ukaze upya, kwa kuwa mpira huwa umekwisha kujilaza na skrubu kulegea kidogo.