Merikebu ya Scarborough: nahodha yule yule, mikataba miwili

Kati ya merikebu za karne ya 18 zilizokodiwa na serikali ya Uingereza kupeleka wafungwa Australia, ninayoirudia zaidi ni Scarborough, kwa sababu ilifunga safari hiyo mara mbili chini ya nahodha yule yule, John Marshall, na matokeo yakawa mbali kama mbingu na ardhi.

Kilikuwa chombo cha kawaida cha biashara, chenye milingoti mitatu na uwezo wa tani 430 hivi, kilichoundwa kwa ajili ya shehena wala si abiria. Mei 1787 kiling'oa nanga Portsmouth katika msafara wa kwanza, kikiwa na wafungwa wanaume 208. Mapema safarini baadhi yao walikula njama ya kukiteka, na vinara wawili wakachapwa viboko na kuhamishwa. Hata hivyo msafara mzima, uliobeba wafungwa zaidi ya 700, haukufikisha vifo 50 katika miezi minane, kwani walinunuliwa nyama na mboga bandarini na kuruhusiwa kupanda sitahani kupunga hewa. Kutoka Australia Scarborough ilielekea China kupakia chai, ikapita kwenye visiwa ambavyo hadi leo vinaitwa Marshall.

Januari 1790 ilirudi baharini pamoja na Neptune na Surprize, safari hii chini ya Camden, Calvert & King, kampuni iliyozoea biashara ya watumwa. Kampuni ililipwa pauni 17, shilingi 7 na peni 6 kwa kila mfungwa aliyepakiwa, awe amefika hai au la. Aliyekufa njiani hakula tena, na malipo yake yalikuwa yameshahesabiwa. Njaa, kiseyeye na pingu vikafanya kazi yake: katika Scarborough walikufa 73 kati ya wafungwa zaidi ya 250, na katika Neptune 158. Ilipotia nanga Sydney mwezi Juni, kasisi Richard Johnson alitaka kuteremka ngamani kuwaona waliosalia, lakini nahodha akamsihi asithubutu.

Marshall hawezi kuoshwa lawama, ila kwangu mimi kiini ni ule mkataba. Msafara wa tatu, wa mwaka 1791, ulikabidhiwa kampuni ile ile, kwa kuwa makubaliano yalishatiwa saini kabla habari za maafa hayo hazijafika London.