Mafuta ya mimea dhidi ya fukusi: mvuke ndio unaoua

Kila anayeniuliza kama mafuta ya mkaratusi yanamaliza fukusi kwenye mahindi, namuuliza kwanza: mahindi yako umeyahifadhi kwenye nini?

Mafuta haya, yanayopatikana kwa kuvukiza majani, maua au vikonyo, si kama ya kupikia. Hupeperuka. Sineoli, kemikali iliyomo kwenye mafuta ya mkaratusi, hugeuka mvuke upesi, ikamwingia mdudu kupitia vitundu vya kupumulia vilivyo ubavuni na kuvuruga mishipa yake ya fahamu. Ndani ya chupa iliyofungwa barabara utawaona fukusi wakiyumba, wakilala chali, wakitupatupa miguu hadi wafe. Weka kiasi kilekile kwenye gunia la kawaida, mvuke unatoka wote na fukusi wanabaki.

Lakini kinachoniumiza kichwa zaidi ni wale wasioonekana. Fukusi jike hutoboa punje kwa mdomo wake mrefu, hutaga yai moja ndani, kisha huziba tundu kwa ute unaokauka. Buu hula na kukua humohumo, na katika joto la nyuzi 27 hutoka akiwa mdudu kamili baada ya wiki tano hivi. Muda wote huo punje inamkinga. Ndiyo maana siridhiki na jaribio lililohesabu mizoga tu. Nataka kujua wametoka wangapi wapya mwezi uliofuata.

Kwenye kunde mambo ni mepesi kidogo, kwani yule mdudu wake hubandika mayai juu ya ganda, vidoa vyeupe unavyoviona kwa macho. Hapo hata mafuta ya kupikia, mililita 5 kwa kilo, hulifunika yai na kulinyima hewa.

Yujenoli, kemikali iliyomo kwenye mafuta ya karafuu, hupeperuka polepole kuliko sineoli, hivyo hukaa zaidi kwenye punje. Harufu nayo hukaa, hadi kwenye unga.

Basi kausha nafaka hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13, uifunge kwenye chombo kisichopitisha hewa, na mafuta yawe nyongeza tu. Yashike kwa glavu, maana yakiwa hayajachanganywa huunguza ngozi, na mtoto akinywa ya mkaratusi ni hatari kubwa. Kama ni mbegu ya kupanda, otesha kwanza punje chache ulizozitia mafuta kando ya zisizotiwa, kwa sababu kiasi kikubwa huweza kuua kiini.