Je, wajua kwa nini bunduki ya komeo hupiga palepale kila mara?

Walengaji wengi wa shabaha za mbali bado huipenda bunduki ambayo mkono lazima uvute na kusukuma komeo baada ya kila risasi, ingawa bunduki zinazojipakia zenyewe zimekuwapo kwa zaidi ya miaka 100. Sababu ni kwamba bunduki hiyo inapolia hakuna kipande kizito kinachokimbia huku na huko ndani yake. Komeo limefungwa na linabaki limefungwa mpaka mpigaji mwenyewe alifungue.

Kazi yake inafanana kweli na ya komeo la mlango. Likisukumwa mbele huibeba risasi kutoka kwenye magazini (kisanduku cha risasi) na kuiingiza chembani, yaani kwenye tundu la nyuma ya mtutu, na mpini wake ukiteremshwa huzunguka, kisha meno yaliyo kwenye ncha yake hujifungia nyuma ya kingo zilizochongwa ndani ya mwili wa bunduki. Meno hayo ndiyo yanayobeba mzigo wote, kwani shinikizo la gesi ya baruti katika risasi nyingi za leo hukaribia megapaskali 400, yaani takribani mara 4,000 ya shinikizo la hewa tunayovuta. Paul Mauser wa Ujerumani, katika bunduki yake ya mwaka 1898, aliweka meno mawili mbele na la tatu nyuma kama akiba ya usalama. Mpini unapoinuliwa, mteremko mdogo wa chuma huugeuza mzunguko kuwa mvuto unaolibandua ganda tupu la risasi lililonata chembani. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu yenye akili kuliko zote, kwa sababu kiganja hakihitaji nguvu nyingi.

Hata hivyo, kufunga pekee hakutoshi. Ikiwa jino moja tu ndilo linalogusa ukingo wake, komeo hupinda kidogo sana risasi inapolipuka, na mtutu, ambao hutetemeka kila unapofyatuliwa, hutetemeka kwa namna isiyotabirika. Fundi husaga nyuso za meno hadi yote yaguse sawasawa, lakini husaga kwa uchache mno, maana chuma kinachoondolewa huongeza nafasi nyuma ya risasi, na nafasi hiyo ikizidi ganda linaweza kupasuka. Ndiyo maana kazi hii huambatana na vipimo maalumu na haifai kubahatishwa.

Kitako, yaani sehemu inayoubeba mwili wa bunduki na mtutu wake, nacho kina ukaidi wake. Mbao hufyonza unyevu, huvimba na kuusukuma mtutu upande mmoja, hivyo mafundi huacha upenyo kati ya mtutu na kitako, kisha hulalisha mwili wa bunduki juu ya tabaka la epoksi, gundi inayokauka na kuwa ngumu, lililofuata umbo lake kikamilifu. Skrubu zinazouunganisha mwili huo na kitako hukazwa kwa nguvu ileile kila zinapofunguliwa na kurudishwa.

Linabaki suala la muda. Kifyatulio kikiachia, springi huisukuma pini ya kugonga hadi kwenye fataki, kiwashio kidogo kilicho nyuma ya ganda, kwa milisekunde chache, muda ambao kwa kawaida ni mrefu kuliko ule ambao kichwa cha risasi hutumia kupita ndani ya mtutu, na katika kipindi hicho mikono ya mlengaji bado inayumba. Kwa hiyo pini nyepesi na springi yenye nguvu huufupisha muda huo kabla mtutu haujahama kwenye shabaha.