Kabla ya kutweka tanga, uliza utarudije

Mwanafunzi akinijia Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kujifunza tanga, swali lake la kwanza huwa ni mbio: ngalawa hii inakimbia kiasi gani? Mimi humwuliza upepo unatoka wapi, na maji yanajaa au yanakupwa. Kwenda na upepo wa nyuma hata gogo linakwenda. Kurudi ndiko kunakotaka chombo na elimu.

Nianze na chombo. Upepo unapolipiga tanga kutoka ubavuni, sehemu kubwa ya nguvu yake hukisukuma chombo upande, si mbele. Kingekuwa sinia, kingeteleza kombo hadi upeo wa macho. Lakini chombo ni chembamba na kirefu, kinakataa kwenda upande, na njia iliyobaki ni ya mbele. Chukua kokwa ya embe iliyolowa uibane kwa vidole viwili. Unabana kutoka pembeni, yenyewe inachomoka mbele.

Kwenye boti za kisasa kazi hiyo ya kukataa hufanywa na mkuku, ule uti wa chini ya boti, uliozama sana, au ubao unaoshushwa katikati ya boti. Ngalawa haina kimojawapo. Ina ndubi, zile mbao mbili za pembeni zinazoshikwa na mirengu, ile miti iliyokingama juu ya chombo, ambazo wengine huziita matengo. Watu hudhani ni za kuzuia isipinduke tu. Zitazame vizuri: fundi amezilaza mshazari. Ndubi ya upande wa demani, yaani kule upepo unakokwenda, ikikandamizwa majini, ule ulalo huinyanyua isizame, na papo hapo hushika maji ili chombo kisipotoke. Nimewahi kupanda ngalawa ambayo ndubi zake zilifungwa bapa kama rafu. Ilikuwa nzito, na joshi, yaani kupanda kuelekea upepo unakotoka, haikushika kabisa.

Udhaifu wetu uko kwenye kugeuza. Boti yenye tanga la kisasa hupitisha omo, yaani sehemu yake ya mbele, kwenye upepo na kugeuka papo hapo, kisha ikapanda tena kwa pembe ya nyuzi 45 hivi na upepo. Tanga letu la pembetatu limening'inia kwenye foramali, ule mti mrefu unaolibeba, kwa hiyo kila tukitaka kubadili upande tunaachia demani, ile kamba ya kukazia tanga, tunaigeuza tezi, yaani nyuma ya chombo, ielekee upepo, na foramali inasimamishwa wima ipitishwe mbele ya mlingoti. Kila mgeuzo mmoja unakula maji uliyokwisha kuyapata. Ndiyo maana tunapokwenda bisho, yaani kwa kupindapinda dhidi ya upepo, tunapiga hatua chache ndefu. Hori jembamba kama la Kilifi ni zuri kwa boti ndogo za kisasa, lakini kwa ngalawa ni kazi ya kugeuza kutwa nzima.

Sasa mahali. Wageni wengi hupenda kuanzia magharibi ya Unguja, kwa sababu wakati wa kusi, upepo wa kusini, maji ya huko yametulia kama ya kisimani. Yametulia kwa sababu kisiwa kinayakinga, na upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini. Ukikatika demani au ukichoka, unapelekwa nje, na kadiri unavyokwenda nje ndivyo mawimbi yanavyokua. Nilifanya kosa hilo nikiwa kijana, mwezi wa Julai, na jioni ile tulirudi tukivutwa na mashua ya wavuvi yenye mashine. Mashariki bahari inanguruma, lakini inanguruma kwenye mwamba, mbali. Ndani ya mwamba kuna maji mapana yasiyo na wimbi kubwa. Kusi huingia kutoka mkono wa kulia ukitazama bahari, kaskazi, upepo wa kaskazini, kutoka kushoto, na zote mbili hukuegemeza pwani. Likikushinda tanga, utafika ufukweni.

Bei ya mashariki ni maji kupwa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupanda na kushuka karibu mita 4, na kwetu hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi, yakajaa saa 10 alasiri. Asubuhi hiyo akina mama wanatembea kwenye mashamba ya mwani pale ambapo alasiri chombo kitaelea. Ngalawa, inayotaka maji ya goti, bado hupata njia. Boti ya mkuku mrefu italala ubavu mchangani. Na maji yanapotoka, yote hukimbilia kwenye milango ya mwamba. Ukiwa karibu na mlango saa hiyo, upepo wa kukuegemeza pwani hautakufaa kitu ikiwa ni mwanana.

Kwa hiyo mwanafunzi mpya namchukua siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Maji hujaa asubuhi kwenye saa 4 au 5, hayakimbii, na kusi ya asubuhi huwa bado haijakasirika. Tunatweka yakiwa yanajaa. Siendi naye nje. Tunapanda kwanza kuelekea upepo unakotoka, sambamba na ufuo, huku tukiviangalia vigingi vya mwani, hadi mikono yake iijue demani: kaza tanga likipepea, legeza chombo kikilala. Saa nzima inaweza kupita na bado unauona mnazi tulioanzia. Hapo ndipo namwachia usukani, tunageuza, na upepo wa nyuma unaturudisha kwa dakika chache.