Dhana Potofu Kuhusu Mafunzo ya Amali ya Mtandaoni

Vijana wa Unguja na Pemba wanaomaliza kidato cha nne hukutana kwenye simu zao na matangazo ya vyuo vya jamii vya Marekani (community colleges, yaani vyuo vya masomo ya hadi takriban miaka miwili) vinavyofundisha fani za kazi kwa njia ya mtandao. Vyuo vya aina hii si vya jana: kilicho kikongwe zaidi miongoni mwa vile vya umma, Joliet Junior College cha Illinois, kilianza mwaka 1901. Yanayopotosha ni yale yanayozungumzwa barazani juu yake.

Linalosemwa zaidi ni kwamba kazi ya mikono haisomeki mtandaoni. Hapa ukweli hutegemea fani. Uhasibu, usimamizi wa mitandao ya kompyuta na uandikaji wa kumbukumbu za matibabu huweza kukamilika bila ya mwanafunzi kutoka nyumbani, kwa sababu kompyuta ndiyo karakana yenyewe. Uchomeleaji hauwezi, na muuguzi hapati leseni mpaka awe amehudumia wagonjwa chini ya msimamizi. Ufundi wa viyoyozi, ambao hoteli za Nungwi na Paje haziwezi kuukosa, uko katikati: mzunguko wa gesi, vipimo vya umeme na usomaji wa michoro hufundishika kwa video, lakini kuunga bomba la shaba kwa moto na kufyonza hewa ndani ya mfumo ni mambo ambayo mkono hujifunza kwa kuyafanya. Ndiyo maana vyuo vingi huchanganya njia mbili, nadharia mtandaoni na vitendo karakanani kwa siku maalumu. Basi kijana wa Wete, kabla ya kulipa ada, aulize vitendo hivyo vinafanyikia wapi. Akijibiwa kwamba ni Illinois, ni afadhali aelekee kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji au Daya Mtambwe, na masomo ya mtandaoni ayatumie kuongezea nadharia.

Wengine hudhani kwamba kusoma nyumbani ni kusoma kwa wepesi. Kwa kipimo cha kawaida cha Marekani, kila kredeti moja, yaani kizio cha kupimia uzito wa somo, hudai takriban saa moja ya darasa na saa mbili za kazi binafsi kila wiki, kwa muhula wa wiki 15 hivi. Somo la kredeti tatu, kwa hiyo, hula saa tisa kwa wiki, liwe la darasani au la mtandaoni. Tena kuna tofauti ya saa, ambayo matangazo huipita kimya. Kipindi cha moja kwa moja kinachoanza saa moja usiku New York wakati wa baridi huwa ni saa tisa usiku Zanzibar, na mwanafunzi mwenye kazi ya asubuhi hatadumu nacho muda mrefu, labda kama masomo yamerekodiwa.

Ipo pia dhana, ya kusikitisha kwa maoni yangu, kwamba amali ni ya waliofeli skuli. Fundi wa viyoyozi Marekani haruhusiwi kisheria kushughulikia gesi ya kupoozea bila ya kufaulu mtihani. Aliyefeli hesabu atapata tabu huko pia.

Kuhusu vyeti, watu hukosea pande mbili: baadhi hukataa kila kilichosomwa mtandaoni, baadhi hupokea kila chenye muhuri. Jambo la kutazamwa kwanza ni ithibati ya chuo, yaani kutambuliwa kwake rasmi na chombo kinachokagua ubora, kisha, kwa anayetaka kukitumia cheti hicho nchini, tathmini ya NACTVET, baraza la Tanzania linalopima vyeti vya ufundi vya nje vilivyo chini ya shahada.

Mwisho ni viza. Kujisajili katika programu ya mtandaoni pekee hakumpi mtu viza ya mwanafunzi ya Marekani, na hata aliye huko kwa viza hiyo, kwa kawaida huhesabiwa somo moja tu la mtandaoni kwa muhula katika mzigo wake kamili wa masomo. Wakala anayeahidi safari kwa njia hiyo asipewe hata shilingi.