Mapigo yapo, sawa, ila moyo wenyewe umeangaliwa?

Akina mama wengi wanafika kwangu na karatasi ya altrasaundi imeandikwa mapigo yapo, 160 kwa dakika, na wao wanajua moyo wa mtoto umeshapimwa, kazi imeisha. Hapana jamani. Mapigo yanaonekana kuanzia kama wiki ya 6 na kinachokuambia ni kwamba mtoto yuko hai, basi. Moyo wenye kasoro kubwa nao unadunda vizuri tu humo tumboni, maana mtoto hapumui kwa mapafu yake, oksijeni yote inatoka kwa mama kupitia kondo la nyuma.

Kuuangalia moyo wenyewe ni kazi nyingine, na wakati mzuri wa kuanza ni wiki ya 11 mpaka wiki 13 na siku 6, mtoto ana milimita 45 hadi 84 toka kichwani mpaka matakoni. Moyo hapo haufiki hata sentimita moja, kwa hiyo ukiniona nimenyamaza nimekodolea skrini usiogope, nasubiri mtoto ageuke alale chali. Natafuta vyumba vinne, halafu nawasha dopla ya rangi, ile sehemu ya mashine inayoonyesha damu ikitembea kwa rangi, na hapa ndo huwa nafurahi kila siku, unaona michirizi miwili ya damu inaingia sambamba, kulia na kushoto, minene sawasawa, katikati ukuta. Ukitokea mmoja tu, au wa kushoto mwembamba sana, upande huo yawezekana haujakua. Napandisha probu, kile kifaa ninachopitisha tumboni kwa mama, kidogo kuelekea shingoni mwa mtoto, mishipa miwili mikubwa inayotoka kwenye moyo inatakiwa ikutane kama herufi V, nikiona mmoja tu nawaza huenda mishipa imebadilishana nafasi.

Dopla siiachi iwake muda mrefu, kwa mimba changa haitakiwi. Na wanaowasikilizisha akina mama mlio wa mapigo wiki ya 7 kwa dopla, naomba waache, mashine inahesabu mapigo bila hiyo.

Kingine ninachopima ni unene wa maji ya nyuma ya shingo ya mtoto. Timu ya Profesa Kypros Nicolaides kule London ndo walioonyesha mwaka 1992 kwamba yakiwa mengi yanaendana na matatizo ya kromosomu (zinazobeba vinasaba vya mtoto), na baadaye ikaonekana yanaendana na kasoro za moyo pia hata kromosomu zikiwa sawa. Unene wake ukifika milimita 3.5 na kuendelea huyo mama simwachii aondoke bila mpango wa kuuangalia moyo kwa kina. Haimaanishi mtoto ana kasoro, wengi wanatoka salama kabisa, ila lazima tuangalie.

"Dokta, mimi sina kisukari, kwetu hakuna mgonjwa wa moyo, ya nini?" Naulizwa sana. Dada yangu, watoto wengi wenye kasoro za moyo wanazaliwa na mama wasio na historia yoyote, ni kama watoto 8 kwa kila 1,000. Mtoto ambaye mishipa yake imebadilishana anaweza kuzaliwa analia vizuri, halafu kamshipa kalikokuwa kanamsaidia tumboni kakaanza kufunga anabadilika rangi kuwa bluu, na kama kazaliwa mbali muda wa kumkimbiza unakuwa mdogo mno. Tukijua mapema tunapanga azaliwe karibu na wataalamu, kwa Dar ni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, dawa ya kuuacha wazi huo mshipa ikiwa imeshaandaliwa.

Wakati mwingine kwa tumbo hatuoni vizuri, inabidi tupime kwa njia ya uke, haitoi mimba wala haimgusi mtoto.

Ila hata nikikuambia wiki ya 12 kila kitu kiko sawa, wiki ya 18 mpaka 22 rudi. Tundu dogo kwenye ukuta, valvu inayobana taratibu, mshipa mkuu uliobanwa, hivi mapema vinanipita mimi na vinampita mtu yeyote. Kliniki yenu haina dopla ya rangi? Wiki ya 12 nenda hivyo hivyo wakapime umri wa mimba na maji ya shingoni, hela ya nauli itunze kwa ajili ya wiki ya 20, uende penye mashine nzuri, na ukifika waambie kabisa unataka waangalie vyumba vinne na mishipa inayotoka kwenye moyo.